Kila Mmoja Atoke Akiwa Hai

Simu ya chini ilipolia, Tusajigwe Mwambene alikuwa hata koti hajavua. Ndiyo kwanza ameingia ofisini, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya njiani, na chai aliyomiminiwa ilikuwa bado inafuka mezani. Aliitazama taa iliyokuwa ikiwakawaka ukutani. Kikosi cha Tano. Hao walikuwa handaki la tatu, chini kabisa, kule mvuke unakotoka mlimani kuja kuupasha mji moto. Vikosi vya kituo cha Itolwa havikuwa na kawaida ya kupiga simu. Vilijiamulia mambo yao.

"Shikamoo, dada," sauti ilisema. Alikuwa Gwakisa, fundi wa pampu, mtu wa maneno machache.

"Marahaba, Gwakisa. Kuna nini?"

"Bomba kubwa limepasuka kwenye kiungo. Gesi imeingia. Asheri na Mbonea wamefariki." Alisema kwa utulivu, kama mtu anayetoa taarifa kwamba mvua imenyesha. "Tumebaki watano. Tumekaa, tumeshauriana, tumekubaliana kwamba hatutoki. Nimeona tukuarifu tu."

Tusajigwe akaketi. Kanuni ya handaki aliijua kama anavyolijua jina lake: hewa ikichafuka, kikosi kinafunga koki kuu, kinatoka, kinafunga na mlango wa chuma nyuma yake. Hakuna anayebaki kwa sababu yoyote ile.

"Kwa nini hamtoki?"

"Tukitoka tunafunga koki. Koki ikifungwa, mji unakosa joto. Sasa hivi mota yake imeungua, kwa hiyo inataka kujifunga yenyewe. Lusajo yuko kule ndani ameishika kwa mkono. Tunapokezana."

"Mna hewa?"

"Mitungi itatufikisha mchana."

"Na mchana ukifika?"

"Tutakuwa tumeufikisha mji mchana," Gwakisa alisema.

Tusajigwe alisikia nyuma yake mtu akikohoa, kisha mwingine akicheka kidogo, kicheko cha watu walio kazini na kazi inakwenda.

"Nani kawaambia mkae?"

"Hakuna aliyetuambia, dada. Tumetaka wenyewe."

Alishusha simu taratibu. Chai hakuigusa. Huko kutaka kwao alikujua kulikotoka, kwa maana ni yeye aliyekuweka.

Zamani, kabla hajaajiriwa, Itolwa ilikuwa na wasimamizi kama mahali pengine popote. Ilikuwa miaka ile watu walipopanda milimani kwa sababu nchi za chini zilikuwa zimeshindwa kukalika kwa joto, na huko juu wakakutana na baridi ambayo mababu zao hawakuijua. Kituo kilijengwa haraka, kwa makelele na matusi. Msimamizi alifoka, mfanyakazi alinuna, mabomba yalipasuka. Wakubwa wakaamua kuwaondoa wasimamizi wote. Wafanyakazi wakagawanywa katika vikosi vya watu saba saba, kila kikosi kikapewa uhuru wa kupanga zamu zake, kazi zake, hata likizo zake. Kwa muda mambo yalinyooka. Kisha vikosi vikaanza kuvutana, hiki kinataka kukarabati, kile kinataka kuzalisha, na mji unatetemeka katikati. Ikaonekana kwamba hata watu wanaojiongoza wanahitaji mtu mmoja wa kuwaonyesha wanakokwenda, bila kuwaambia wapite wapi. Huyo akaitwa mtoa dira.

Mwanzoni dira ilibandikwa ukutani. Watu waliisoma, wakaipita. Ndipo ikaletwa punje.

Ilikuwa ndogo kama punje ya mchele, nayo ilipachikwa nyuma ya sikio. Mtoa dira alisema sentensi moja kwenye kinasa, mtambo ukaigeuza, na kabla watu hawajamaliza uji wao wa asubuhi walikuwa wanaitaka. Haikuwa amri. Amri mtu huiona ikitoka nje, akaweza kuichukia, kuikwepa, au kuitii shingo upande. Dira iliota ndani. Ilikuja kama kiu inavyokuja, na hakuna anayeuliza kiu yake imeletwa na nani. Namna ya kuikata kiu hiyo walitafuta wenyewe, na waliitafuta kwa akili zao zote. Wengi waliipenda punje. Walisema waliacha kuamka na moyo mzito.

Tusajigwe mwenyewe hakuwa nayo. Ilikuwa kanuni: lazima abaki mtu mmoja anayetaka kwa moyo wake.

Wiki iliyopita, barafu ilipoanza kuonekana juu ya mabati, alikuwa amekaa kwenye kiti hiki hiki akafikiria wazee wa mjini, akafikiria hospitali na wodi yake ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Akasema kwenye kinasa: Joto lisikatike mjini. Aliipenda sentensi ile. Ilikuwa fupi, haina kona. Hakumfikiria mtu aliyeshika koki.

*

Bwana Mhelela, mwenyekiti wa bodi, alikuwa mpole kuliko watu wote aliowahi kufanya nao kazi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Pole sana," alisema. "Wale wawili nitakwenda kwa familia zao mimi mwenyewe."

"Na hawa watano?"

"Kikosi kimeamua, Tusajigwe."

"Wameamua nini? Hawawezi kutaka kitu kingine."

"Wewe uliwapa mwelekeo. Njia wamechagua wao. Wangeweza kutoka wakatafuta namna nyingine ya kupeleka joto. Wamepima, wakaona hakuna. Nami nimepima, sioni. Bomba la handaki la pili linaweza kuunganishwa, lakini litachukua mpaka kesho. Hospitali haina jiko lingine. Unalijua hilo. Ile wodi ya watoto ikipoa usiku huu, daktari kaniambia bila kunificha kwamba hatafika nao wote asubuhi."

"Mitungi inaisha mchana. Hata wakifa, koki itajifunga mchana huo huo."

"Mchana si sasa hivi. Kila saa wanayoipata, nyumba zinahifadhi joto, hospitali inajaza maji ya moto kila chombo ilicho nacho. Hawafi bure."

Tusajigwe alimtazama. Kilichomuumiza ni kwamba hakuona uongo katika maneno yale.

"Nikizima punje zao?" aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Umeona waliozimiwa ghafla."

Alikuwa amewaona. Mtu akistaafu, punje ilipunguzwa kidogo kidogo kwa miezi, na bado walikuwako waliokaa uani mwao hawajui kama wana njaa. Ukiizima kwa mara moja, mtu hubaki kama gunia. Wale watano wangekaa chini kando ya pampu, wakaisubiri hewa iishe bila kuisubiri.

"Basi niwape dira nyingine."

"Hapo utakuwa umewaamulia." Bwana Mhelela alisema bila ukali. "Kikosi kimekaa, kimekubaliana, halafu mtu wa juu anawageuza. Tutakuwa tumerudi kule kule tulikotoka."

"Mimi niliwaamulia tangu wiki iliyopita."

Bwana Mhelela akaangalia dirishani, ambako moshi wa nyumba za mji ulikuwa mchache kwa sababu watu walikuwa wamezoea joto la bomba na hawana kuni.

"Sikukatazi," alisema mwishowe. "Hapa hatukatazani. Ila utakachofanya kitakuwa chako."

Tusajigwe alirudi ofisini akapiga simu chini. Gwakisa akapokea.

"Nataka niwaulize kitu. Nikiwawekea dira nyingine, ya kuwatoa, mtakubali?"

Gwakisa aligeuka akawauliza wenzake. Hawakuchukua muda, punje zilimwezesha kila mmoja kuhisi wenzake wanaegemea wapi.

"Hapana, dada. Tunaomba usifanye hivyo. Hiki ndicho tunachokitaka kuliko kitu chochote. Ukikitoa utakuwa umetunyang'anya."

"Niunganishe na Lusajo."

Sauti ya Lusajo ilitoka mbali, imejaa mvuke. Alikuwa kijana wa pale pale Itolwa, aliyeoa juzijuzi. Arusi yake vikosi vyote vilialikwa, na yeye mwenyewe akacheza mpaka kiatu kikakatika.

"Lusajo, mikono inaendeleaje?"

"Imeungua, dada. Lakini koki iko wazi."

"Mkeo Atuganile anajua uko wapi?"

Alikawia kidogo, kama mtu anayelitafuta jina alilowahi kulijua.

"Mwambie nilikuwa na amani," alisema.

Ni jibu hilo lililomwamulia Tusajigwe. Kama angelia, kama angesema mke wangu atabaki na nani lakini nimeamua, angemwacha. Mtu anayejua anachokiacha anaweza kukiacha. Huyu hakuwa anaacha kitu. Nafasi yote ya moyo wake ilikuwa imejazwa na maneno matatu ya Tusajigwe, na Atuganile alikuwa amesukumwa ukutani.

Akakisogeza kinasa. Akachagua namba ya Kikosi cha Tano, akasema sentensi ya kwanza iliyomjia:

"Kila mmoja atoke akiwa hai."

*

Dira huchukua muda mfupi kuota. Tusajigwe aliiacha simu wazi, akasikiliza. Kwanza pampu tu. Kisha kukawa na vishindo vya viatu, kitu cha chuma kikaanguka, mtu akapumua kwa nguvu kama aliyezinduka ndotoni. Hakuna aliyemwita mwenzake. Hilo lilimshangaza, maana vikosi vya Itolwa viliongea sana vinapohama mahali. Kisha akasikia mlango wa chuma ukivutwa, na gurudumu lake, lililoko upande wa nje tu, likizungushwa kwa haraka.

"Gwakisa. Mmetoka wangapi?"

"Wanne." Alikuwa akihema.

"Lusajo yuko wapi?"

"Yuko ndani."

"Mmefunga mlango?"

"Tumefunga. Mvuke ulikuwa unatufuata."

Halafu sauti nyingine ikaingia simuni, ndogo, ya kitu kinachogonga chuma. Ikagonga, ikanyamaza, ikagonga tena kwa kasi zaidi.

"Ni nani huyo?"

"Ni Lusajo," Gwakisa alisema.

"Mfungulie."

Gurudumu halikusikika likizungushwa.

"Gwakisa, mfungulie. Mna barakoa usoni. Mnafungua, anapita, mnafunga."

"Hapana, dada."

"Kwa nini?"

"Gesi itatoka naye. Huenda isituue. Huenda ikatuua."

Ndipo Tusajigwe alipoyasikia maneno yake mwenyewe kama yalivyokuwa yameingia kwao. Kila mmoja. Hakusema wote. Hakusema pamoja. Alikuwa amempa kila mtu uhai wake peke yake, aubebe atoke nao, na Lusajo naye kapewa wake, ndiyo maana anagonga. Akaugeukia mtambo kuwawekea dira nyingine. Taa nyekundu ikawaka. Punje ikishameza dira hulala kwanza, haipokei ya pili mpaka zipite saa kadhaa.

"Ninakuagiza," alisema simuni. Hakuwahi kulitamka neno hilo tangu aajiriwe. "Fungua huo mlango."

Gwakisa alionekana kulifikiria lile neno, kama kifaa cha zamani kilichookotwa stoo.

"Hapa hatuagizani, dada," alijibu.

Tusajigwe akabeba simu ya mkononi, akakimbia. Lifti ya handaki la tatu hushuka polepole, ili masikio yasizibe. Alisimama ndani yake ameikumbatia simu, anasikiliza mlango ule wa chuma ukigongwa, na kila ulipopita ukimya aliomba ugongwe tena. Chini mlango ulipofunguka, wale wanne walikuwa wamesimama wakisubiri lifti. Nyuso zao zilikuwa nyekundu kwa mvuke. Mmoja akamwamkia. Wakampisha atoke, kisha wakaingia kwa utaratibu, wakabonyeza, wakapanda. Hakuna hata mmoja aliyegeuka.

Akaufikia mlango. Kipimo cha gesi ukutani kilikuwa kimepanda hadi kwenye alama nyekundu, hata upande huu, kutokana na kile kilichopenya walipopita. Barakoa hakuwa nayo. Hakukumbuka kuchukua, na wale wanne walikuwa wameondoka na zao. Akalishika gurudumu. Lilikuwa la moto, akavuta mikono ya koti ikafunika viganja, akalizungusha. Likasogea. Ule ufa wa mlango ukaanza kupiga mluzi, na mvuke ukamrukia shingoni na kifuani ukiwa na harufu ile ya mayai yaliyooza.

Upande wa pili mtu aligonga mara moja, karibu kabisa, kama aliyeona mwanga.

Tusajigwe alikohoa. Macho yakaziba. Akaelewa, si kwa mawazo bali kwa mwili mzima, kwamba akilizungusha tena hatatoka mahali pale. Hakuna aliyemwekea kitu nyuma ya sikio. Mikono yake ililirudisha gurudumu mpaka likakaza.

Hapakugongwa tena.

*

Mji ulikaa bila joto mchana ule na usiku wake. Kesho yake jioni vikosi vingine vikawa vimeunganisha bomba la handaki la pili, kazi ambayo kila mtu alisema haijawahi kufanywa kwa haraka namna ile. Wao bado walikuwa na ile dira ya kwanza. Hospitali ilipoteza watoto watatu wa wodi ile, na mjini wakafariki wazee ambao idadi yao ilikuwa bado haijajulikana.

Gwakisa alikuwa amelazwa kwenye zahanati ya kituo, amefungwa bandeji mashavuni. Tusajigwe alimkuta ameketi kitandani, amekula chakula chote, na sahani ameifuta kwa ugali.

"Unaendeleaje?"

"Naendelea vizuri, dada. Ninajitunza." Alisema hivyo kwa bidii. "Hata usiku nilikuwa naamka kuhakikisha napumua."

"Unamfikiria Lusajo?"

"Ninamfikiria. Nilisimama katika arusi yake." Alikunja uso kama mtu anayefanya hesabu isiyotoka. "Nilimsikia akigonga. Nilijua ni yeye. Nilijua kufungua ni kugeuza tu mkono. Watu watafikiri niliogopa, dada, sikuogopa. Sikutaka tu. Ningependa kukuambia iliniuma, lakini itakuwa uongo. Labda itaniuma hii ikitoka."

"Itakapotoka nitakuwa hapa."

"Usiitoe haraka, tafadhali," Gwakisa alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitikisika.

Kwa Bwana Mhelela taarifa ilikuwa imeshaandaliwa. Ilisema kikosi kiliamua kubaki, kisha kikaamua kutoka, na katika kutoka mwenzao mmoja hakuwahi. Tusajigwe akamwambia aandike kwamba mtoa dira aliwatoa, na kwamba mtoa dira aliufikia mlango akaufunga.

"Utaratibu wetu hauna mahali pa kuandika hivyo," Bwana Mhelela alisema kwa huruma. "Mtoa dira haamui. Tukiandika umeamua, tutakuwa tunasema kituo chote hiki ni uongo."

"Ndivyo ninavyosema."

"Nenda kapumzike. Kesho watahitaji dira mpya."

Alipotoka alipitia karakana, akawakuta Kikosi cha Pili wanajifunga mitungi mgongoni. Walikuwa wachangamfu. Walimweleza kwamba wamekubaliana kuingia handaki la tatu kufungua tena koki kuu, maana bomba moja halitatosha baridi ya wiki ijayo. Gesi? Gesi ilikuwa bado juu, walijua, lakini wamepanga kupokezana.

Tusajigwe alirudi ofisini, akakaa mbele ya mtambo, akachagua vikosi vyote kwa pamoja, akaifuta dira. Hakuweka nyingine.

*

Wafanyakazi wote walikuwa wameketi bwaloni siku ya tatu, wengine wana sahani mbele yao, wengine hawana. Hakuna aliyekuwa akizungumza. Hawakuwa na huzuni. Nyuso zao zilikuwa tupu kama za watu wanaosubiri basi ambalo hawajui linakwenda wapi. Mafundi wachache wa mjini, ambao hawakuwahi kupachikwa punje, ndio walioletwa kushika bomba la handaki la pili. Joto lilikuwa la kugawana.

Tusajigwe alikuwa ametoka getini. Atuganile alikuwa amesimama pale tangu asubuhi, kajifunga shuka mbili, na mama yake mzazi kando yake. Hakumlaumu mtu. Hakuuliza ilikuwaje. Aliuliza jambo moja tu.

"Mnanipa lini mume wangu nimzike?"

Gesi ilikuwa imeshuka tangu alfajiri. Mlango ungeweza kufunguliwa na mtu yeyote mwenye barakoa. Haukuwa umefunguliwa kwa sababu hakuna aliyetaka kuufungua.

Akasimama mbele ya bwalo, bila kinasa, akawaeleza. Aliwaeleza maneno matatu ya kwanza na maneno matano ya pili, nani aliyasema na wapi. Akaeleza mlango, chuma kilivyogongwa, wale wanne, kisha akaeleza gurudumu na mikono yake mwenyewe. Walimsikiliza kwa adabu.

"Asheri na Mbonea wako kule ndani, na Lusajo pia," alimaliza. "Mke wa Lusajo yuko getini. Ninakwenda kumtoa yeye kwanza, na mtu mmoja hawezi kumbeba. Nani atakwenda na mimi?"

Watu walitazamana. Hakuna aliyekataa. Hakuna aliyeinuka. Mwishowe mama mmoja wa Kikosi cha Kwanza, Tumpale, ambaye mikono yake ilikuwa imelala mezani kama ya mtu mwingine, alisema:

"Dada, si kwamba tunakunyima. Tuwekee kwanza kutaka, ndipo tutakujibu."

Vichwa vikatikisika bwalo zima kukubaliana naye. Lilikuwa ombi dogo. Ofisi ilikuwa hatua chache, mtambo ulikuwa wazi, na sentensi nzuri ilikuwa tayari imemfika kinywani: Mwenzetu apumzishwe. Wangeinuka wote. Wangembeba kwa heshima na machozi, na kila mmoja angeapa kwamba machozi ni yake.

"Hapana," alisema.

Akaenda karakana, akachukua barakoa, mtungi na machela. Machela ilikuwa ndefu, ikawa inamgonga magotini. Akaiburuta mpaka kwenye lifti, akashuka nayo, akaiburuta tena kwenye korido ya chini ambako taa nusu zilikuwa zimekufa. Mlango ulikuwa umepoa. Safari hii gurudumu lilizunguka kwa urahisi, hata lilimtia aibu.

Lusajo alikuwa pale pale mlangoni, amekaa ameegemea chuma, na mlango ulipovutwa akaja nao. Tusajigwe alipiga magoti kumpokea kichwa kisigonge sakafu. Mikono ya Lusajo hakuitazama kwa muda mrefu. Alijaribu kumwinua kwa makwapa, akashindwa, akajaribu tena, akashindwa.

Nyuma yake kukawa na mlio wa viatu, wa polepole, unaosimama na kuanza upya. Alikuwa Tumpale. Barakoa aliivaa upande, na alisimama mbali kidogo, akiangalia maiti, kisha mikono yake, kisha maiti.

"Umefuata nini?" Tusajigwe aliuliza.

"Sijui. Nilisimama tu. Hakuna kitu ndani, dada. Nimekitafuta njia nzima. Sitaki hata kidogo kuwa hapa."

"Hata mimi sitaki," Tusajigwe alisema. "Shika miguu."